Kuchagua Khukuri Baada ya Kupoteza Panga

Jumapili, tarehe tisa Novemba. Tangu alfajiri ni mvua nyembamba, ile isiyomlowesha mtu mara moja ila inamchosha. Majani yaliyodondoka yameganda kwenye lami mbele ya nyumba kama chapati zilizoungua, na bomba la joto chumbani linagonga ukutani kama mtu anayeomba kufunguliwa.

Nimekaa kuandika nikiwa na mashaka, kama kawaida yangu. Mimi ni mtu wa darasa la saba, sentensi zangu zinaanza vizuri halafu zinapotea njia. Naandika ili siku isipite bure, na kwa sababu jioni hakuna wa kumsimulia. Nitajitahidi nisimpunje mtu, maana katika haya ya jana na leo sioni mbaya ni nani, na nikimtafuta sana nitamtengeneza.

Leo nimenunua kisu. Kwa mwingine hiyo ni safari ya dukani tu. Mimi kimenichukua asubuhi nzima na sehemu ya mchana, na bado sina uhakika kama nimechagua sawa. Ila lazima nianze na jana, vinginevyo habari ya kisu haitaeleweka.

Kwa Watanzania wenzangu wa huku, wa Maryland na wa Virginia ng'ambo ya mto, najulikana kwa jambo moja: nakata ndafu. Ndafu ni mbuzi mzima anayebanikwa taratibu mpaka anakuwa rangi ya kahawia inayong'aa. Anaingizwa ukumbini amesimamishwa kwenye sinia, majani mabichi mdomoni, watu wanaimba na kupiga vigelegele kama vile anayeingia ni mkwe. Binti anayeagwa anakata kipande cha kwanza, anawalisha wazazi, kamera zinamulika. Halafu wote wanarudi kwenye viti, muziki unabadilika, na pale mezani tunabaki mbuzi na mimi.

Nilivyoianza kazi hiyo sikumbuki vizuri. Nadhani aliyekuwa akikata alihamia Texas, mtu akauliza nani anajua, nikanyoosha mkono. Sisi wa Moshi mbuzi tunamjua kwa viungo vyake, kipi cha nani, kipi hakigawanywi. Tangu hapo simu yangu hulia kukiwa na mbuzi. Kusipokuwa na mbuzi hailii. Sisemi kwa kulalamika. Watu wa huku wana zamu mbili mbili, wana watoto, wana foleni za barabarani. Anayekukumbuka hata kwa ajili ya mbuzi amekukumbuka. Lakini siku za mapumziko, nikiwa nakunja nguo zangu peke yangu kwenye lile duka la kufulia, nimewahi kujiuliza: wanayemwita ni mimi, au ni mkono wenye panga?

Panga lenyewe nilikuja nalo kutoka nyumbani, ndani ya begi, limeviringishwa kwenye kitenge cha aliyekuwa mke wangu. Yeye alibaki Moshi. Miaka ilivyozidi, simu zikapungua, na tukaacha kuwa mume na mke bila hata kugombana. Hilo nalo sioni mbaya ni nani.

Basi jana kulikuwa na sherehe ya kumuaga binti wa familia moja ya Silver Spring. Kijana ninayeishi naye, Mkenya anayeendesha teksi za kuitwa kwa simu, alinishusha mlangoni pa ukumbi akaenda kutafuta abiria wake. Ukumbi ulikuwa mpya, wa kukodi, zulia mpaka chooni. Mlangoni palikuwa na mlinzi, Mhabeshi wa makamo, amevaa sweta chini ya koti la kazi. Akaniomba kwa adabu nifungue mfuko. Nikafungua. Akafunua kitenge.

"Hiki nini?"

"Cha chakula," nikamwambia.

"Chakula gani?"

"Mbuzi."

Akanitazama. "Mbuzi yuko hai?"

"Hapana, ameshaiva."

"Sasa kama ameiva, panga la nini?"

Nikamwonyesha kwa mikono mbuzi anavyogawanywa, maana Kiingereza changu hakifiki huko. Kwao wanamjua mbuzi pengine kuliko sisi, na naamini moyoni alinielewa, ila ukutani nyuma yake palikuwa na bango lenye picha ya kisu kimepigwa mstari. Alifanya kazi yake. Akaniambia nilirudishe kwenye gari. Gari lilikuwa limeshaondoka. Ningeweza kuingia ndani nikaomba ufunguo wa gari la mtu, lakini watu walikuwa wanapiga picha, wamependeza, nikaona aibu kuwakatiza kwa ajili ya panga. Mlinzi akalichukua, akalifungia kwenye kabati la ofisini, akaniambia nitalichukua nikitoka.

Mwenyekiti wa kamati ni mama mmoja mchapakazi, sauti yake haipandi hata mambo yakiharibika. Nikamweleza. Akanigusa begani.

"Kaka yangu, usijali. Wapishi tuliowakodi wana mtu wao wa kukata. Wewe leo pumzika tu, ufurahi kama wengine."

Alisema kwa wema kabisa. Nilienda kusimama karibu na mlango wa jikoni, mahali pangu pa siku zote, na lile neno "pumzika" likanikaa kifuani kama tonge lisilotafunwa.

Mtu wao alikuwa kijana mwenye glavu nyeusi na kisu kirefu chembamba kama rula. Hakupasua kitu. Alipita kwenye viungo kama anayefungua vifungo vya shati. Wimbo mmoja haujaisha, mbuzi yuko kwenye masinia, vipande vinalingana, hakuna chembe ya mfupa iliyoruka. Haki yake nimpe: mimi ningekuwa bado kwenye bega, jasho linanitoka, mama mmoja wa meza ya mbele anafunika gauni lake kwa kitambaa.

Ndipo likaja jambo ambalo sikuwa nimeliwaza. Meza zote zilikuwa na vikadi vya majina. Nikaenda kwa binti aliyeshika orodha, mtoto wa kuzaliwa huku, Kiswahili anakisikia chote ila majibu yake yana Kiingereza ndani.

"Anko, I'm so sorry, sikuoni hapa."

"Angalia vizuri, mama."

Akaangalia tena, akapekua mpaka ukurasa wa nyuma. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Labda uko na watu wa jikoni?"

Watu wa jikoni walikuwa hawanijui. Na yule binti hana kosa, wala aliyeandika orodha hana kosa. Mkata ndafu hakai. Sherehe zote hizo nilizokwenda, sijawahi kukaa. Nakula nimesimama, vipande vya pembeni, nikimaliza nafuta meza naondoka. Hakuna aliyeninyima kiti. Ni kwamba kiti changu hakijawahi kuhitajika, na mimi mwenyewe sikuwahi kukitafuta. Nilisimama ukutani na mikono yangu sijui niiweke wapi.

Kwenye meza ya karibu alikuwa ameketi bibi mmoja, bibi yake binti anayeagwa, aliyeletwa kutoka nyumbani kwa ajili ya shughuli hii. Shuka begani, viatu amevivua chini ya meza. Kando yake palikuwa na kiti kitupu, cha nesi mmoja aliyeitwa kazini ghafla.

"We kijana!" akaniita. Nina miaka hamsini na kitu. "Hebu kaa. Unasimama kama askari wa benki, unanitisha."

Nikaketi. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa upande gani?"

Swali la kawaida hilo kwenye shughuli. Mtu ni wa upande wa baba, wa mama, wa kanisani, wa kazini. Nikatafuta upande wangu nisiuone.

"Mimi ndiye mkata ndafu, bibi."

Akageuka taratibu kumtazama yule kijana wa glavu. "Na yule je?"

"Yule leo amenisaidia."

"Amekusaidia yote?"

Meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka, maana lilikuwa la kuchekesha kweli. Sahani zikaja. Bibi akaichokoa nyama kwa uma, akaipeleka mdomoni, akairudisha. Vile vipande vilivyolingana vilikuwa vizuri kwa wenye meno.

"Haya, mkata ndafu," akasema, akasukuma sahani yake mbele yangu. "Nikatie na mimi."

Mezani palikuwa na visu vya plastiki. Nikachukua kimoja. Nilimkatia bibi nyama yake kwa kisu cha plastiki, kufuata nyuzi kwanza, halafu kukatisha, vipande vya kumtosha mtoto. Kilipinda, kikatoa mlio, nikachukua cha pili. Ilichukua muda mrefu. Bibi hakuwa na haraka, alikuwa ananisimulia jinsi mchana anavyofungiwa ndani wote wakienda kazini, na jinsi anavyomwangalia kindi mmoja wa dirishani mpaka wamezoeana. Nilipomrudishia sahani akala yote.

"Unakata vizuri," akasema. "Unakata polepole."

Kisha wajukuu wakaja kumchukua kwa picha, wakamvalisha viatu, na kiti chake kikabaki kitupu mpaka mwisho. Nikala chakula changu. Hakuna aliyenifukuza pale mezani. Hakuna aliyenitafuta pia.

Wakati wa kuondoka mwenyekiti alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kaka, naona kwenye hizi kumbi tutaendelea na hawa wapishi, masharti yamekuwa mengi. Ila kiangazi, zile sherehe za nyuma ya nyumba, tutakuita."

Tutakuita. Nimeligeuza neno hilo usiku kucha. Huyu mama si mwongo. Lakini si mara zote anayesema tutakuita anajua kama ataita.

Mlangoni mlinzi alikuwa amebadilishwa. Huyu mpya akafungua kabati: miavuli, skafu, kiti cha mtoto. Panga hakuna. Akapiga simu mahali, akarudi akaniambia inaelekea limepelekwa kwenye vitu vya kutupwa, akaniomba radhi mara nyingi mpaka nikawa mimi ninayembembeleza.

Hiyo ndiyo jana.

Asubuhi ya leo yule kijana Mkenya alinikuta jikoni na chai iliyopoa.

"Mzee, umekaa kama mtu amefiwa."

"Panga limepotea."

"Ile panga? Ai, mzee, shukuru Mungu. Ile ilikuwa na kutu mpaka hiyo mbuzi ingepata pepopunda." Akacheka peke yake, halafu akaona sicheki, akavuta kiti. Ana moyo, ila huwa yuko mbioni. "Sikia. Kuna duka ya Wanepali hapo njia ya Greenbelt. Wako na kisu inaitwa khukuri. Kuna siku nilibeba jamaa wao mmoja, akaniambia kwao hiyo moja inafanya kila kitu. Kuni, nyama, nyasi, kitunguu. Yaani hiyo ni panga imeenda shule."

Akanipeleka. Duka liko kati ya kinyozi na mahali pa kutuma vifurushi, dirisha limejaa magunia ya mchele. Ndani kunanuka udi na hiliki. Nyuma ya kaunta, ndani ya kabati la kioo, visu vimelazwa kwenye kitambaa chekundu. Vyote vimepinda kwa mbele, kama mtu anayeinama kukusikiliza.

Muuzaji ni mama wa rika langu, kofia ya sufu kichwani. Aliniita dai, na alipoona sijaelewa akanieleza ni kaka mkubwa kwao. Kiingereza chake na changu vilikuwa ndugu, kwa hiyo tulielewana.

"Unataka cha kazi gani, dai?"

"Kazi zote," nikasema.

"Cha kazi zote hakuna. Kuna cha kazi unayoifanya sana, na nyingine kinazifanya kwa kununa."

Kijana akapiga kaunta. "Huyo mama ameongea!"

Mimi macho yangu yalikuwa yameshakwenda kwenye kimoja chenye mpini wa kichwa cha simba na bapa lililochorwa maua. Akayafuata macho yangu, akatikisa kichwa. Hicho cha kutundika, akasema, chuma chake ni laini, ukipigia mfupa utalia wewe. Ningekichukua kama asingesema, na yeye angepata zaidi. Naliandika hilo.

Akatoa vitatu. Hakunipa mkononi; alikilaza kila kimoja kwenye kaunta, akaondoa mkono, ndipo akaniashiria nishike. Akanionya kwanza jinsi ya kukichomoa alani: mkono unaoshika ala usiwe upande wa makali, kwa sababu kisu kizuri hukata ngozi ya ala na vidole vyako pamoja. Akanionyesha kisu kinavyogawanyika. Mbele, kwenye tumbo pana, ndipo penye uzito. Hapo ni pa mfupa na kuni, unaliacha lishuke lenyewe bila kutumia nguvu. Katikati ni pa nyama. Karibu na mpini panakuwa pembamba, hapo unamenya, unakata kitunguu, unashika kama kalamu. Mwanzoni kabisa pana pengo dogo kwenye makali. Nikamuuliza la nini.

"Mume wangu anasema ni damu idondoke hapo isifike mkononi. Mama mkwe anasema ni alama ya mungu. Mimi nafuta tu uchafu unaoingia."

Kwenye kila ala, nyuma, vimejificha visu viwili vidogo. Kimoja kina makali, cha kazi ndogo ndogo. Kingine butu, cha kunyooshea makali ya mkubwa. Nikaambiwa niangalie mpini: chuma kinapita mpaka mwisho na kupigiliwa misumari, au kimeingizwa nusu na kugandishwa. Cha kupita ni kizito zaidi ila hakichomoki. Mpini wa pembe ya nyati unapendeza, lakini nyumba za huku zinapashwa joto miezi mingi, hewa inakauka, pembe inapasuka, chukua mti. Na kisikae na maji. Ukimaliza futa, paka mafuta, lala.

Cha kwanza kilikuwa kikubwa, bapa lake linakaribia mkono wangu kutoka kiwiko mpaka kiganja. Nilipokiinua bega lilikumbuka. Hiki ungeweza kukishusha kwenye paja la ndafu mara moja tu, mbele ya watu, na vigelegele vikapigwa. Cha tatu kilikuwa kidogo, cha kuvunja nazi kwa shida na kukata kuku kwa kumbembeleza. Cha pili kilikuwa kati yao. Akakiita cha nyumbani. Hiki, akasema, kinavunja kuku, kinakata mbavu za mbuzi wa sufuria, kinapasua boga. Ila mbuzi mzima kitakuchosha.

"Chukua hiyo kubwa, mzee," kijana akasema. "Utatembea nayo kama jenerali. Kiangazi wakikuita unaingia hivi—" akapita katikati ya magunia ya mchele kifua mbele. Mama akacheka.

Mimi nilishika kikubwa, nikakiweka. Nikashika cha kati, nikakiweka. Nikashika kikubwa tena. Mama akaenda kumhudumia mtu wa dengu, akarudi, bado niko pale. Na mimi nilijua kwa nini. Nikichukua kikubwa, nitakuwa nimekubali kusubiri simu ilie. Kitakaa kabatini mpaka kiangazi, na kila nikifungua kabati nitakiona kinasubiri na mimi. Nikichukua cha kati, nitakuwa nimesema kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba hawataita. Na kama wataita? Nitatokea na kisu cha kuku mbele ya mbuzi wa watu?

"Dai," mama akasema, si kwa kunisukuma, "wiki hii umekata nini?"

Ningeweza kusema mbuzi. Jana nilikuwa sherehe ya mbuzi, isingekuwa uongo wa moja kwa moja. Nikajaribu kukumbuka. Kazini, kwenye stoo ya chakula ya chuo huko College Park, nimekata maboksi, tena kwa kile kiwembe cha kampuni kinachojirudisha chenyewe ndani usijiumize. Nyumbani, kitunguu. Mkate. Kabichi moja, ambayo niliila siku nyingi mpaka nikaichukia. Na nyama ya bibi mmoja, kwa plastiki.

Nikamwambia yote hayo kwa mpangilio huo. Kijana akawa ameacha kuchezacheza. Nadhani alikuwa anahesabu ni mara ngapi amekula ile kabichi. Hakuila hata mara moja, huwa anakula barabarani.

Mama akafuta cha kati kwa kitambaa chake, akakirudisha alani, akakilaza mbele yangu. Nikakichukua.

Kwenye gari nikaanza kujuta kabla hatujafika taa za kwanza. Nikasema pengine ningechukua kile kikubwa.

"Nirudi?" kijana akauliza, tayari anaangalia kioo cha pembeni.

"Hapana."

"Una hakika?"

"Sina. Twende tu."

Tukapita kwa Mpakistani wa nyama, nikanunua kuku mgumu, yule mzee wa mayai, na kwa Walatino wa pembeni nikapata ndizi mbichi. Nikamwambia kijana, leo kaa, tule pamoja, nikifungue kisu. Akajikuna kisogo. Jumapili jioni watu wanarudi kutoka safari, uwanja wa ndege una kazi, na ana karo ya mtu nyumbani. Ni kweli kabisa, namjua mdogo wake huyo. "Nibakishie, mzee," akasema. "Usimalize shingo." Akaondoka, taa zake nyekundu zikazunguka kona.

Nikakijaribu peke yangu. Niandike kwa haki: kwenye mifupa kiko vizuri kuliko nilivyotegemea, unakiinua kidogo tu kinashuka chenyewe, kuku wa mayai alifunguka kama kitabu na ubao wa kukatia haukuruka. Kwenye kitunguu inabidi ujifunze upya mkono wako, maana kimepinda na ubao wa kukatia uko bapa. Unakata kwa kuvuta, si kwa kushindilia. Nyanya kiliiponda. Ndizi nilimenya kwa kile kidogo cha kwenye ala, kikawa kitamu kuliko vyote. Ncha bado sijaijulia. Nilipomaliza nilikifuta na kukipaka mafuta ya alizeti, kwa kuwa ya haradali aliyoyasema mama sina, na sijui kama yanafaa.

Wakati wa kukata nyama kwa kawaida naikata vipande vikubwa, vya kugawia watu. Leo nilijikuta nakata vidogo, polepole, kufuata nyuzi kwanza. Sikupanga. Nikasimama kidogo na kisu mkononi, nikamfikiria yule bibi, kama leo Jumapili wako naye nyumbani au wamekwenda kanisani wakamwacha na kindi wake. Sina namba yake. Ningeweza kumwomba mwenyekiti, nikawaza ataonaje, mtu mzima anaomba namba ya bibi wa watu. Halafu nikawaza kwamba ndivyo ninavyofanya siku zote: naamua wengine wataonaje, halafu nalaumu simu. Nikanawa mikono, nikamwandikia mwenyekiti ujumbe. Niliandika tu kwamba ningependa kwenda kumsalimia bibi siku moja, mchana, kama familia haina neno. Mbuzi sikumtaja. Mpaka sasa hajajibu. Jumapili ana mambo mengi, na huenda hajaona.

Nyumba hii jioni ya leo imekula ndizi za kuchemsha na kuku mgumu, zikapondwa kidogo, na kachumbari ya nyanya zilizopondeka. Mmoja amekula mezani mvua ikiendelea. Wa pili sahani yake imefunikwa juu ya jiko, na shingo nimemwekea juu aione akifunua.